Intaneti ya Ufilipino: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wasomaji wa Kiswahili huyarudia kuhusu mtandao wa Ufilipino. Wanaouliza ni wanafunzi na watalii wanaojiandaa kusafiri, watu wanaofanya kazi na Wafilipino kule Dubai, Doha na Muscat, vijana wanaotafuta kazi za mtandaoni, na wengine wanaotaka tu kujua nchi yenye visiwa 7,641 inaunganishwaje. Jambo likiwa limeelezwa kwenye swali lingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kwa kifupi, intaneti ya Ufilipino ni nzuri au mbovu?

Inategemea umesimama wapi. Makati, Cebu mjini au Davao mjini utapata faiba nyumbani na 5G kwenye simu, na hutakuwa na la kulalamikia sana. Panda boti uelekee kisiwa kidogo cha Palawan, Masbate au Tawi-Tawi, na huenda ukakaa siku nzima ukitafuta sehemu ya ufukwe inayoshika mtandao.

Kwa miaka mingi nchi hii ilijulikana kwa intaneti ya polepole na ghali, na sifa hiyo ilistahili. Hali imebadilika sana tangu 2020. Wengi hulaumu jiografia: visiwa vingi, milima, vimbunga. Kwa maoni yangu bahari inasingiziwa. Indonesia nayo ni visiwa, Japani pia. Kilichoichelewesha Ufilipino zaidi ni sheria zake na namna soko lilivyoachwa mikononi mwa wachache. Soma "Kwa nini ilichelewa hivyo?" hapa chini, maana ndilo swali ninaloliona kuwa la msingi kuliko yote.

Intaneti iliingia Ufilipino lini?

Tarehe 29 Machi 1994, usiku wa manane, kwa kiungo kimoja cha kilobiti 64 kwa sekunde kwenda Marekani. Nchi nzima ilitegemea kiungo hicho kimoja. Habari ilitangazwa Cebu, katika Chuo Kikuu cha San Carlos, ambako siku hiyo wataalamu walikuwa wamekusanyika kwenye mkutano kuhusu baruapepe.

Miaka sita baadaye, Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilitoka Manila na kuharibu kompyuta duniani kote. Aliyeshukiwa hakufungwa, kwa sababu nchi haikuwa na sheria ya kumshtaki. Mwezi uliofuata serikali ilitia saini sheria ya biashara ya kielektroniki, ambayo ndiyo iliyoanza kuadhibu udukuzi.

Ni kampuni zipi zinazouza intaneti?

PLDT ndiyo kongwe. Ilianzishwa 1928, na laini zake za simu za mkononi huitwa Smart. Mshindani wake wa miaka yote ni Globe, inayomilikiwa kwa pamoja na kundi la Ayala na Singtel ya Singapore. Converge ni ya faiba za majumbani. DITO ni ya tatu katika simu za mkononi. Ilianza biashara Machi 2021 Davao na Cebu, na China Telecom ina asilimia 40 ya hisa zake. Mikoani kuna kampuni ndogo za televisheni ya waya zinazouza intaneti pia, na katika miji midogo mara nyingi fundi wao hufika haraka kuliko wa kampuni kubwa.

Msimamizi wa sekta ni NTC, mamlaka ya mawasiliano. Wizara inayohusika ni DICT, iliyoundwa 2016.

Kwa nini ilichelewa hivyo?

Anza na ruhusa. Tangu sheria ya redio ya 1931, na baadaye sheria ya mawasiliano ya 1995, kampuni iliyotaka kujenga mtandao ilihitaji kwanza sheria maalumu ipitishwe bungeni kwa jina lake. Baada ya hapo ndipo iende NTC kuomba cheti. Fikiria kampuni changa ya mkoani inaanzia wapi kulishawishi bunge zima. Katiba ya 1987 nayo iliweka ukomo wa asilimia 40 kwa mwekezaji wa nje katika huduma za umma, na mawasiliano yalihesabiwa humo. Wenye mtaji hawakuwa na ruhusa, na wenye ruhusa hawakuwa na haraka.

Pili ni ubadilishanaji wa data. Kwa miaka mingi, mtu wa Manila aliye kwenye PLDT akimtumia ujumbe jirani yake aliye kwenye mtandao mwingine, data ilivuka bahari hadi Hong Kong au Marekani, ikarudi tena Manila. Taasisi ya serikali ya sayansi ilifungua kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, PHOpenIX, mwaka 2007, lakini mkubwa wa soko hakuona faida ya kukutana na wadogo hapo. PLDT na Globe zilikubali kuunganisha mitandao yao moja kwa moja 2016 tu. Hapa hakukuwa na kisiwa wala mlima wa kulaumu; nyumba mbili zilikuwa mtaa mmoja.

Tatu ni masafa. Kampuni ya San Miguel, inayojulikana zaidi kwa bia, ilishikilia masafa ya megahezi 700 bila kuyatumia. Ndiyo masafa mazuri zaidi kwa vijijini, kwani husafiri mbali na kupenya kuta. Mazungumzo yake na Telstra ya Australia ya kuanzisha mtandao wa tatu yalivunjika Machi 2016. Mei mwaka huohuo PLDT na Globe zikanunua biashara hiyo kwa takriban peso bilioni 69 na kugawana masafa. Tume ya Ushindani ilijaribu kuupitia mkataba, ikakwama mahakamani. Matumaini ya mshindani mpya yakasogezwa mbele miaka mitano.

Nne ni vibali vya minara. Kampuni ilipaswa kupata sahihi kwa mwenyekiti wa barangay (ngazi inayolingana na serikali ya mtaa), halmashauri, chama cha wakazi, mamlaka ya anga na wengine. Mnara mmoja uliweza kusubiri karibu miezi minane. Julai 2020 Rais Duterte alizitishia kampuni hadharani katika hotuba yake kwa taifa, akizipa hadi Desemba zijirekebishe. Kilichosaidia zaidi ya kitisho ni hatua ya Septemba mwaka huo: sheria ya dharura ya korona iliondoa vibali vingi kwa miaka mitatu, na minara ikaanza kuota. Ilikuwa ni kukiri kwamba kikwazo kilikuwa karatasi.

Kilichofuata baada ya hapo kimeelezwa kwenye "Konektadong Pinoy ni nini?".

## Laini, vocha na bando

Mgeni anaweza kununua laini?

Anaweza. Tangu sheria ya usajili wa laini iliyotiwa saini Oktoba 2022, kila laini lazima isajiliwe kabla haijafanya kazi. Mtalii huonyesha pasipoti, anuani ya anakofikia na tiketi ya kurudi, na laini yake huishi siku 30. Ukiongezewa viza, unaweza kuomba na laini iongezewe muda. Mwenye kibali cha ukaazi, cha masomo au cha kazi husajili laini isiyo na ukomo huo.

Waliozoea usajili wa alama za vidole wa Tanzania watauona huu mwepesi: unajaza fomu mtandaoni, unapiga picha ya uso na ya kitambulisho, basi. Wepesi huo una gharama yake, soma "Usajili wa laini umemaliza utapeli?".

Nichague ipi?

Waulize wenyeji wa mahali hasa unapokwenda, si wa nchi nzima. Kisiwa kimoja kinashika Smart na hakishiki Globe, cha jirani kinyume chake. Watu wengi hubeba simu ya laini mbili kwa sababu hiyo, nami nakushauri ufanye hivyo.

Kuhusu DITO, kuna jambo huwashtua wageni. Haina mtandao wa 2G wala 3G, kwa hiyo sauti hupita kwenye 4G tu. Simu uliyonunua Kariakoo au Luthuli Avenue inaweza kupata intaneti ya DITO vizuri kabisa na bado ikashindwa kupiga simu ya kawaida, kama haimo kwenye orodha ya simu wanazozikubali. Hakikisha kabla ya kulipa.

Ukichoka na kampuni moja unaweza kuhama na namba yako. Huduma hiyo ilianza 30 Septemba 2021.

Wanaposema "load" wanamaanisha nini?

Ni vocha, au salio. Vocha za kukwangua zimebaki chache. Unakwenda sari-sari, yaani kiduka cha mtaani chenye nondo dirishani, na mwenye duka anakusukumia daftari na kalamu kupitia nafasi ya chini. Unaandika namba yako mwenyewe, naye anaikagua tarakimu kwa tarakimu, anaituma kutoka kwenye simu yake ya biashara, mnasubiri wote wawili ujumbe uingie. Huongeza peso moja hadi tatu juu ya kiasi ulichonunua. Hiyo ndiyo faida yake.

Salio la kawaida hudumu mwaka mzima tangu agizo la serikali la mwishoni mwa 2017. Zamani lilikuwa likifa baada ya siku chache, na maskini ndio waliokuwa wakipoteza zaidi. Bando ni jambo jingine. Lina siku zake, zikiisha limeisha. Ukisikia neno "unli", ni bando lisilo na ukomo, lakini soma masharti, kwani mengi hupunguza kasi ukishatumia kiasi fulani kwa siku.

Pisowifi ni kitu gani?

Ni Wi-Fi ya sarafu, na kwangu mimi ndiyo sehemu ya mtandao wa Ufilipino inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Ni kisanduku kinachotundikwa ukutani nje ya kiduka, chenye tundu la sarafu kama la mashine ya kamari, ruta ndani, na antena juu ya paa. Unaunganisha simu, ukurasa unafunguka wenyewe, unabonyeza kitufe cha kuingiza sarafu, kisha unatumbukiza peso moja, tano au kumi. Bonyeza kwanza, ukitanguliza sarafu inaweza kupotea. Dakika zinaanza kuhesabiwa. Mashine nyingi zina kitufe cha kusimamisha muda, hivyo mtoto aliyeitwa kula anazihifadhi dakika zake na kurudi jioni. Bei na muda anapanga mwenye mashine.

Kabla ya hapo kulikuwa na pisonet, kompyuta za mezani zenye tundu la sarafu, ambazo bado zipo. Zote mbili zinajibu hali moja: familia haina peso mia kadhaa za kulipia mwezi mzima, ila kila siku ina peso tano. Kampuni kubwa zilichukua miaka kulielewa hilo, wakati fundi wa mtaani alilielewa kwa kisanduku cha mbao.

Tatizo ni kwamba mashine nyingi hutegemea faiba ya nyumbani ambayo mkataba wake hukataza kuiuza tena. Kampuni zimeliona soko na kutoa vifurushi halali vya kazi hiyo. Ukitaka kufungua yako, tafuta hivyo.

Kwa nini kila mtu anakwambia "nitafute Messenger"?

Kwa sababu ilikuwa bure. Oktoba 2013 Globe na Facebook zilianza kuwapa wateja Facebook bila malipo ya data, na 2015 Smart ikaleta Free Basics, mpango wa Facebook wa kufungua tovuti chache bila malipo ya data. Kizazi kizima kilijifunza intaneti ndani ya chumba kimoja. Biashara, kanisa, shule na ofisi ya barangay vyote viko Facebook. Kampuni nyingi ndogo hazina tovuti kabisa.

Athari yake ni nzito. Mwenye Facebook ya bure aliona kichwa cha habari kilichosambazwa lakini hakuweza kukifungua kiungo asome habari yenyewe, kwa kuwa huko nje kulihitaji bando. Uongo ulio ndani ya Facebook ulisomeka bure, na ukweli ulio nje ulilipiwa. Mwandishi Maria Ressa, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani 2021, amelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi, na ana haki. Nchi zetu zilizopokea mipango ya aina hiyo zina la kujifunza hapo.

## Nyumbani na visiwani

Nikipanga nyumba, nitapataje faiba?

Kabla ya kulipa kodi muulize mwenye nyumba ni kampuni gani zilizofikisha waya kwenye jengo. Majengo mengine yana makubaliano na kampuni moja tu. Mikataba mingi hudai ukae miaka miwili, na ukivunja mapema unalipa. Mgeni wa miezi michache ni bora achukue ruta ya laini ya 4G au 5G inayotumia vocha, au apange mahali palipo na intaneti tayari.

Visiwa vidogo vinaunganishwaje?

Kwa njia tatu. Ya kwanza ni mkongo wa ndani chini ya bahari. Globe, Eastern na InfiniVAN zilikamilisha 2023 mkongo wa pamoja wa takriban kilomita 2,500 unaofunga visiwa kuanzia Luzon hadi Mindanao. Ya pili ni mawimbi ya redio kutoka mnara hadi mnara, kisiwa hadi kisiwa. Hufanya kazi vizuri hadi kimbunga kigeuze antena. Ya tatu ni setilaiti.

Serikali nayo inajenga uti wa mgongo wake wa faiba. Awamu ya kwanza, kutoka Laoag kaskazini hadi Quezon City, ilizinduliwa Aprili 2024, na waya wake unapita kwenye minara ya umeme mkubwa badala ya kuchimbiwa ardhini.

Starlink inafanya kazi huko?

Ndiyo. Ufilipino ilikuwa nchi ya kwanza ya Asia ya Kusini-Mashariki kuipata, Februari 2023. Iliwezekana kwa sababu Machi 2022 sheria ya huduma za umma ilirekebishwa na mawasiliano yakaondolewa kwenye ukomo wa asilimia 40, hivyo kampuni ya kigeni ikaweza kumiliki yote. Visiwani imebadilisha maisha: hoteli ndogo, zahanati, shule. Kwa familia ya wavuvi bado ni ghali, na mara nyingi dishi moja hulipiwa na mmoja kisha wengine hununua dakika (rudi kwenye "Pisowifi ni kitu gani?").

Wi-Fi ya bure ya serikali ipo kweli?

Ipo. Sheria ya Agosti 2017 inaitaka serikali iweke intaneti ya bure kwenye viwanja vya umma, shule, hospitali, bandari na vituo vya usafiri. Mahali pengine ni nzuri, pengine kibao kipo na mtandao haupo. Itumie kusoma ujumbe. Usiingie kwenye akaunti yako ya benki humo.

Wakati wa korona wanafunzi walisomaje?

Kwa taabu. Masomo yalifunguliwa Oktoba 2020 bila watoto kwenda darasani, na shule za umma hazikurudi darasani kikamilifu kwa karibu miaka miwili. Wengi walitegemea vijitabu vilivyochapishwa, ambavyo mzazi alivifuata shuleni na kuvirudisha vikiwa vimejazwa. Waliokuwa na simu walipanda vilima na mapaa kutafuta mtandao. Presha ya wazazi wa kipindi hicho ndiyo iliyoufanya mtandao kuwa suala la kura.

## Mikongo, vimbunga na umeme

Mkongo wa baharini ukikatika, nchi nzima inazimika?

Siku hizi hapana, kwa kuwa mikongo ni mingi na imetua sehemu tofauti: Batangas na La Union upande wa magharibi, Daet na Baler upande wa Pasifiki, Davao kusini. Hali ilikuwa mbaya zaidi 26 Desemba 2006, tetemeko la karibu na Hengchun, Taiwan, lilipokata mikongo kadhaa kwa mpigo kwenye mlango wa bahari kati ya Taiwan na Luzon. Sehemu kubwa ya Asia Mashariki iliyumba kwa wiki kadhaa. Waliokaa Dar es Salaam au Nairobi Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika pamoja, wanajua ladha yake.

Ufilipino ilijibu kwa njia ya kuvutia. Kwa makubaliano ya 2017 na Facebook, serikali ilijenga njia ya nchi kavu ya takriban kilomita 250 ikikatiza kisiwa cha Luzon kutoka Baler hadi Poro Point, La Union. Mkongo unaotoka Marekani unatua mashariki, unavuka milima, na kuendelea magharibi bila kupita kwenye eneo la matetemeko. Kwa kupewa njia hiyo, Facebook iliahidi kuipa serikali sehemu ya uwezo wa mkongo.

Kimbunga kikipiga, mtandao hukatika kwa muda gani?

Kwa wastani vimbunga kama 20 huingia eneo la nchi hii kila mwaka, na vingi havizimi mtandao zaidi ya saa chache. Vikubwa ni habari nyingine. Baada ya Yolanda, Novemba 2013, Tacloban ilibaki gizani huku ndugu wakitafutana kwa vibao vya karatasi. Baada ya Odette, Desemba 2021, Siargao, Surigao, Bohol na Cebu zilikaa siku nyingi bila mawasiliano ya kueleweka.

Mnara wenyewe mara nyingi husimama. Kinachoanza kufa ni umeme. Kisha betri za mnara huisha, kisha dizeli ya jenereta, na barabara zikiwa zimeziba hakuna wa kuipeleka. Faiba zilizotundikwa kwenye nguzo huanguka na nguzo zake. Kwa hiyo kimbunga kikitangazwa: jaza betri zote, toa pesa taslimu, pakua ramani, na waambie wa nyumbani kwamba ukimya wa siku tatu haumaanishi msiba. Sheria ya 2014 inazilazimu kampuni kutuma tahadhari bure. Simu italia kwa sauti kali hata kama huna salio, na usiizime.

Umeme na plagi zikoje?

Umeme ni volti 220, kwa hiyo chaja zako ziko salama. Plagi ni za pini mbili bapa; za kwetu za pini tatu hazitaingia, beba adapta. Kukatika kwa umeme wenyeji hukuita "brownout". Baadhi ya visiwa vidogo hutegemea jenereta za dizeli zinazowashwa saa maalumu tu, na umeme ukizimwa, ruta nayo imezimika.

## Pesa na kazi

GCash ni kama M-Pesa?

Inakaribiana, na ni kubwa kwa umri: GCash ilianza 2004, M-Pesa 2007. Hata hivyo M-Pesa iliota mizizi kwa kasi kupitia mawakala wa kila kona, wakati GCash ilisubiri simu janja, na korona ndiyo iliyoiingiza kila nyumba. Ndiyo maana GCash hutumika kwenye programu ya simu yenye intaneti, siyo kwa kubonyeza nyota na reli kama tulivyozoea. Intaneti ikizima, malipo yamezima. Mshindani wake mkuu ni Maya.

Dukani utaona msimbo wa QR Ph, ambao ni mmoja kwa benki na pochi zote za simu kama GCash. Kutoka pochi hadi benki, InstaPay hupeleka papo hapo hadi peso 50,000 kwa muamala.

Nimepata ofa ya kazi ya mtandaoni huko. Niiamini?

Kwanza fahamu kwamba sekta halali ipo na ni kubwa mno: vituo vya kuhudumia wateja wa ng'ambo vimeajiri zaidi ya watu milioni 1.5, karibu wote wenyeji. Mgeni huhitaji kibali cha ajira na viza ya kazi, na mwajiri wa kweli huvishughulikia kabla hujapanda ndege.

Ofa inayokwambia uje kwa viza ya utalii, ikitaja mshahara mnono kwa kazi ya "kuchati na wateja", ikimbie. Kampuni za kamari za mtandaoni zilizoitwa POGO ziligeuka vichaka vya utapeli na usafirishaji wa binadamu. Msako wa Bamban, Machi 2024, uliokoa mamia ya wafanyakazi waliofungiwa ndani ya uzio. Rais Marcos alizipiga marufuku Julai 2024 na kuzipa hadi mwisho wa mwaka kufunga. Wakenya na Waganda wamewahi kunaswa Myanmar kwa ofa za namna ileile. Kabla ya kusafiri, thibitisha na ubalozi.

## Sheria na hali za pembeni

Serikali hufunga tovuti au kuzima intaneti?

Kuzima nchi nzima kama Uganda ilivyofanya wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, hapana. Lakini Juni 2022 NTC iliamuru kampuni zifunge tovuti kadhaa, zikiwemo za vyombo vya habari kama Bulatlat na Pinoy Weekly, kwa madai ya kuunga mkono waasi. Pia mtandao wa simu umewahi kuzimwa kwa saa kadhaa katika baadhi ya maeneo kwenye maandamano makubwa ya kidini ya Januari huko Manila na Cebu, kwa sababu za usalama. Ukiwa huko siku hizo, pangeni mahali pa kukutana mapema.

Jihadhari na unachoandika. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2012 inahesabu kashfa ya mtandaoni kuwa jinai, yenye adhabu kali kuliko ya gazetini. Ressa aliyetajwa juu alihukumiwa kwa kosa hilo 2020. Kumtukana mwenye nyumba wako Facebook kunaweza kukupeleka mahakamani.

Usajili wa laini umemaliza utapeli?

Haujamaliza. Septemba 2023 maofisa wa upelelezi waliliambia Seneti kwamba walijaribu kusajili laini kwa picha ya nyani, ikakubaliwa. Matapeli wengine hutumia vifaa vinavyojifanya mnara, vinavyorusha ujumbe kwa simu zote zilizo karibu bila kupitia kampuni yoyote, na ujumbe huonekana kama umetoka benki yako. Usifungue kiungo chochote kilichokuja kwa SMS.

Konektadong Pinoy ni nini?

Ni sheria iliyoanza kuhesabika kuwa sheria 24 Agosti 2025 bila saini ya rais, baada ya muda wake wa kuikataa kupita. Inaondoa sharti la kupitia bungeni kwa kampuni inayotaka kusafirisha data tu, na inasukuma wenye miundombinu kushirikiana na wengine. Kampuni kubwa ziliipinga kwa hoja ya usalama wa taifa. Naona hoja hiyo ina uzito kidogo, kwani sheria inadai viwango vya usalama wa mtandao. Kinachowauma ni kwamba lile lango lililoelezwa kwenye "Kwa nini ilichelewa hivyo?" limefunguliwa.

Naweza kusajili tovuti ya .ph nikiwa Mombasa?

Unaweza; .ph husajiliwa na mtu yeyote popote, na inasimamiwa na kampuni binafsi, dotPH. Isiyouzwa ni .gov.ph, ambayo ni ya serikali. Ukijaza fomu ya viza, hakikisha anuani inaishia hivyo.

Nikiondoka nchini, namba yangu itabaki?

Ya mtalii hufa ikitimiza siku 30. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu walikuwa wameifunga namba hiyo kwenye GCash au WhatsApp, na msimbo wa uthibitisho unakwenda kwenye laini isiyopo. Kabla ya kupanda ndege, toa pesa zote kwenye pochi, hamisha WhatsApp kwenye namba ya nyumbani, na badilisha namba kwenye kila akaunti ukiwa bado unapokea SMS. Fanya hivyo siku mbili kabla ya safari. Wi-Fi ya uwanja wa ndege haitakusubiri.